Tangi la matumbawe la lita 60, Kisaasi, Kampala: chukua kioo, hita waachie

Nianze na bei, maana kila anayeingia sebuleni kwangu huiuliza kabla hajaketi. Seti nzima niliilipia shilingi laki tisa na nusu katika duka moja la samaki wa mapambo hapa Kampala. Ndani ya boksi mlikuwa na tangi la kioo la lita 60 lenye kichumba cha kuchujia maji upande wa nyuma, pampu, taa ya LED, hita, kipimo cha chumvi cha plastiki na kichupa cha bakteria. Jina la duka silitaji, wala chapa ya tangi, kwa kuwa ninayo ya kulalamika na sina haja ya kugombana na mtu. Seti za namna hii zinafanana mno kwa mpangilio na vifaa, kwa hiyo haya yatakufaa hata kama yako ina nembo nyingine.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Kwetu ni Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Kazi ndiyo iliyonileta Uganda na ndoa ikanifungia mlango wa kurudi. Ninakagua kifaa kwa jicho la fundi: nafungua, napima, naangalia skrubu ni za chuma gani. Muuzaji aliniambia, "Ssebo (yaani bwana), hii inakuja na kila kitu, wewe unaongeza maji tu." Maneno hayo niyageuze kidogo: kilichokuja ni sanduku zuri sana, na vifaa vya kulifanya lionekane limekamilika.

Sanduku lenyewe nalisifu bila kusita. Kioo ni safi, kingo zimesagwa vizuri, silikoni imepakwa kwa mkono uliotulia na haina mapovu. Kichumba cha nyuma ndicho hasa kilichonifanya nilipe: maji yanaingia kwa juu kupitia matundu membamba, yanapita kwenye sponji na mkaa wa kuchujia, kisha pampu inayarudisha mbele. Hita, sensa na mabomba yote yanajificha humo, na anayetazama kwa mbele haoni ila mawe na viumbe. Kama una chumba kidogo na mke asiyependa waya, mpangilio huu unamaliza mazungumzo mengi.

Hesabu uzito kabla hujaleta tangi nyumbani. Maji ya chumvi ya lita 60 peke yake yana zaidi ya kilo 61, ongeza mawe, mchanga na kioo unakaribia 90. Kabati la TV la mbao zilizosagwa na kugandishwa halifai. Likipata unyevu linavimba na kupinda. Meza yangu ilichomelewa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, chuma cha mraba kilichopakwa rangi mara mbili, juu nikaweka ubao mzito na kipande cha povu jembamba. Nikaisawazisha kwa pimamaji, kwa sababu sakafu za nyumba za kupanga Kisaasi zina miteremko ambayo mwenye nyumba hakukusudia.

Sasa hita. Hapa nitakaa kidogo.

Iliyokuja ni ya wati 100, mrija wa kioo wenye kitufe cha kuzungusha. Kabla haijaingia tangini niliijaribu ndani ya ndoo, pamoja na kipimajoto changu cha kazini, kile ninachokitumia kwenye vyumba baridi vya kuhifadhia nyama. Kitufe nilikiweka 25. Hita ikachemsha hadi nyuzi 27.4 ndipo ikazima, maji yakapoa hadi 24.1 ndipo ikawaka tena. Tofauti ya zaidi ya nyuzi tatu ndani ya usiku mmoja, na huyu ndiye mlinzi wa viumbe ambao baharini kwetu kwa kawaida hawaoni badiliko kama hilo ila kwa msimu. Ndani ya hita hizi mna kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja. Kikipata joto kinajikunja na kukata umeme, kikipoa kinanyooka na kuurudisha. Ncha zinazogusana huliwa na cheche, na mwisho wake hugandana. Fundi yeyote wa friji amekwisha kuona themostati iliyoganda. Friji ikiganda kwenye kuwaka, maziwa yanakuwa barafu. Hita ya wati 100 ikiganda katika lita 50 za maji (nafasi iliyobaki tangini inachukuliwa na mawe na mchanga), joto linapanda mwanzoni kwa nyuzi moja na nusu hivi kila saa, na wewe umelala.

Tumbawe linaishi kwa msaada wa mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaokaa ndani ya nyama yake na kulilisha kwa sukari inayotokana na mwanga. Maji yakizidi joto kwa muda, tumbawe linautapika mwani huo, linabaki jeupe, na hali isiporekebishika linakufa kwa njaa. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea pwani yote ya Afrika Mashariki, na wavuvi wa kwetu mpaka leo wanauhesabu kama mwaka wa miamba kuwa mieupe. Kilichoweza kuangusha mwamba mzima kitaliona tangi la lita 60 ni jambo dogo.

Nilichofanya: nikaiweka hita yao kando, nikanunua nyingine ya wati 50, nikaiendesha kwa kidhibiti cha joto cha STC-1000, kile ambacho mafundi wa friji wote wa mjini wanacho kwenye mkoba. Ni kama shilingi elfu hamsini. Kina njia mbili, moja ya kupasha joto na moja ya kupoza. Njia ya kupasha nikaiunga na hita, ya kupoza nikaiunga na feni ndogo ya kompyuta inayopuliza juu ya maji. Nimekiweka 25.5 kwa tofauti ya nusu digrii. Sensa nimeivalisha mrija wa plastiki uliozibwa kwa silikoni ili chumvi isiifikie. Wati 50 nimezichagua makusudi: zinatosha usiku wa Kampala, chumba kinaposhuka hadi 19, lakini siku kidhibiti na hita vikiganda vyote kwa pamoja hazina nguvu ya kupika haraka. Watu wengi wanadhani nchi ya joto haihitaji hita. Kampala si Mombasa, usiku huku mtu analala na blanketi.

Feni nayo ina kazi, hasa Januari na Februari. Maji yakipulizwa yanavukiza, na kuvukiza kunachukua joto. Nyuzi mbili hadi tatu zinashuka bila kununua mashine ya kupoza maji, ambayo bei yake inazidi ya tangi.

Pampu haina ubaya. Boksi linasema lita 500 kwa saa, mimi nimepima kwa ndoo nikapata kama 400, na hiyo ni kawaida maji yakilazimika kupanda. Kwa matumbawe laini inatosha. Tatizo lake ni kwamba inatumia umeme wa volti 240 moja kwa moja, na umeme ukikatika tangi zima linanyamaza. Hapo kuna jambo la kimaumbile ambalo halimo kwenye kijitabu cha maelekezo. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Shimoni. Maji ya bahari ya nyuzi 25 pale ufukweni yanaweza kubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Hapa hayafiki 6. Yaani samaki wa bahari anayeishi Kampala ana akiba ndogo ya pumzi tangu mwanzo. Umeme ukikatika joto linashuka taratibu, unaweza hata kufunika tangi kwa blanketi, lakini oksijeni haisubiri.

Dawa yangu ni ya fundi masikini. Nimeongeza pampu ndogo ya volti 12, wati 5, iliyounganishwa na betri ya saa-ampia 7 kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iliyotoka kwenye friji bovu. Umeme ukiwepo, rilei inaishikilia pampu ikae kimya na chaja inajaza betri. Ukikatika, rilei inaachia, pampu inaanza yenyewe kuvuruga uso wa maji ili hewa iingie. Nikitumia nusu tu ya chaji ili betri isizeeke, napata kama saa nane. Nyumba yenye sola haina haja ya haya yote, chukua laini ya volti 12 pale pale.

Na kwa vile tumefika kwenye waya: kila waya unaotoka tangini uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji liishie sakafuni. Weka pia breka inayokata umeme ukivuja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko ya bomba, na watoto wanapenda kutia mikono.

Maji ndiyo sehemu ambayo "kila kitu" cha muuzaji hakikuigusa kabisa, na ndiko hela zilikoenda. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria na si mabaya: ni laini, na kipimo changu cha vitu vilivyoyeyuka kinasoma 80 au 90 tu. Lakini yana klorini, na yana fosfeti ambayo haimdhuru mnywaji ila inaushibisha mwani. Ukiyatumia hivyo hivyo utafuga majani ya kijani, matumbawe utayaona kwenye picha. Kinachotakiwa ni mtambo wa kuchuja kwa utando, unaomalizia na kopo la resini inayonasa madini yaliyobaki, hadi kipimo kisome sifuri. Habari njema ni kwamba kwa vile maji yetu ni laini, resini inadumu. Habari mbaya ni msukumo. Utando unataka kama bari 3 au 4, na nyumba nyingi huku zinapata maji kutoka tangi la juu ya paa. Kila mita 10 za kimo zinakupa bari moja. Tangi lililo mita tatu juu ya bomba lako linakupa theluthi ya bari, na mtambo unatoa matone. Bila pampu ya kuongeza msukumo usiununue. Kwa kila lita safi, lita tatu hivi zinatoka kama mabaki. Mke wangu, Mama Salma, anayafulia, kwa hiyo ugomvi wa bili ya maji haujafika mezani.

Ya chumvi yana vichekesho vyake. Jirani alinishauri niagize chumvi ya Ziwa Katwe kule Kasese, "ni ya hapa hapa, tena rahisi." Chumvi ya Katwe imejaa kaboneti na salfeti ya sodiamu, na kalisi ni haba. Maji ya bahari yana kalisi kama miligramu 420 kwa lita na magnesi kama 1,300, na hizo ndizo tumbawe linazotumia kujengea mifupa. Chumvi ya mezani nayo ni hivyo hivyo, si bahari. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe. Ni gramu 35 hadi 40 kwa lita kutegemea unyevu wake, ikorogwe na pampu ndani ya ndoo safi usiku kucha kabla ya kutumika. Mchanga pia usiwe wa Lwera, huo ni wa kujengea; unaotakiwa ni wa chokaa.

Kipimo cha chumvi cha plastiki kilichokuja na seti, kile chenye mshale unaoelea, kitupe au wape watoto. Maji yaleyale kiliyasoma 1.022 (uzito wake ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa mwanga, ikayasoma 1.026, na refraktomita nilikuwa nimeirekebisha kwa maji ya kipimo ya sehemu 35 kwa elfu. Ningekifuata ningeongeza chumvi kwenye maji ambayo tayari yana chumvi ya kutosha. Kifaa cha kupimia kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Kuvukiza kunapunguza maji, chumvi inabaki. Ukipoteza lita moja kati ya 50, maji yenye chumvi sehemu 35 kwa elfu yanakuwa 35.7. Kwa hiyo unajazia maji safi yasiyo na chumvi kila siku, nami nina alama ya kalamu kwenye kioo cha nyuma. Ni dakika moja kabla ya kwenda kazini.

Kichupa cha bakteria sikuwa na imani nacho: tarehe ilikuwa imefutika na kilikaa rafuni kwenye jua. Bakteria hao, wanaoondoa amonia yenye sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanakuja hata bila kichupa, wanataka amonia na muda. Mawe makavu, mchanga, maji, tone la amonia, unasubiri wiki nne hadi sita mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri. Muuzaji alitaka kunipa samaki siku ileile.

Taa ni ya wastani, na hapo nawatendea haki: wati 24, bluu na nyeupe, inatosha matumbawe laini. Haina saa ya kujizima, nimeitia kwenye saa ya soketi, inawaka kama saa tisa kwa siku. Bawaba yake ndiyo aibu. Skrubu ni chuma cha kawaida kilichopakwa, na mvuke wa chumvi ulizila hadi kutu ikaanza kushuka karibu na maji. Nilizitoa nikaweka zisizoshika kutu, kazi ya robo saa. Kutu ikiingia majini huleta metali ambazo kamba na konokono hawazivumilii, kwa hiyo angalia hilo siku ya kwanza.

Niliowaweka ni wachache. Uyoga wa bahari wa rangi ya divai, tumbawe la ngozi, zoanthidi za kijani, na tumbawe la Xenia linalofumba na kufumbua vidole mchana kutwa. Hilo ndilo wageni wanalolisogelea. Yote ni vipandikizi vilivyokuzwa tangini. Ninayo tahadhari moja ambayo sikuipata dukani. Baadhi ya zoanthidi, hasa Palythoa, wana palitoksini, sumu kali mno. Jiwe lenye viumbe hao usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto, mvuke wake umewapeleka watu hospitali. Vaa glavu na miwani ukikata.

Samaki ni wawili tu wa anemoni, waliozaliwa tangini pia, pamoja na kamba mmoja na konokono wa kula mwani. Lita 60 hazibebi zaidi. Muuzaji aliyekuonyesha kangaja mdogo wa bluu akasema atakaa humo anakuuzia kaburi, samaki huyo anakua hadi sentimita 30.

Watu wa kwetu wananiuliza kwa nini nisijibebee tu kutoka Kisite nikienda likizo. Kisite ni hifadhi ya bahari chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, huokoti humo hata kombe. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ambao Uganda ni mwanachama wake, na samaki hai wakivuka mpaka wanataka kibali cha wizara ya kilimo na uvuvi kule Entebbe pamoja na cheti cha afya. Muulize muuzaji karatasi. Akikuambia "hiyo si shida", ni shida. Mbali na sheria, kutoka Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na samaki ndani ya mfuko hajui kama basi limesimama Busia kwa ajili ya foleni.

Gharama ya mwezi haitishi. Taa, pampu, hita na feni kwa pamoja hazizidi uniti moja ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa siku. Nabadilisha asilimia kumi ya maji kila wiki, ambayo ni jerikani moja ya lita tano, hapo ndipo udogo wa tangi unapokuwa raha. Udogo huohuo ndio hatari yake: samaki akifa nyuma ya jiwe katika lita 500 una siku kadhaa za kugundua, katika lita 60 una usiku mmoja.

Nyota nitatoa hivi: kioo na kichumba cha nyuma, tano. Pampu, nne. Taa, tatu, mbili kabla ya kubadili skrubu. Hita, kipimo cha chumvi na kichupa, sifuri. Ukijumlisha mtambo wa maji, pampu yake ya msukumo, refraktomita, kidhibiti, chumvi na meza, mimi nilivuka milioni mbili na nusu kabla kiumbe chochote hakijaingia. Anayesema laki tisa na nusu zinatosha hajawahi kulitia maji.

Nilipowarudishia hita, dukani hawakubishana wala hawakurudisha hela. Walinipa hita nyingine ya aina ileile, ambayo naitumia kupasha ndoo ya kukorogea chumvi nikiwa nimesimama hapo hapo. Lakini yule kijana wa kaunta aliniambia jambo ambalo halimo kwenye bango la bei: tangi wanaliuza pia likiwa tupu, bila kifaa hata kimoja, kwa laki sita. Inabidi uulize.